Moyo Hupimwa Ukiwa Kazini

Kila mwaka jarida hili la chama chetu hufurika mashairi, mafumbo na visa vya mapenzi yasiyofika popote. Safari hii mhariri alinijia na ombi: niandike jambo la sayansi, niliandike kwa Kiswahili, na nisikimbilie Kiingereza maji yanapozidi unga. Wenzangu wa Kidato cha Tatu wakaangua kicheko. Eti ugonjwa wa moyo utaelezwaje kwa Kiswahili? Nami nikawajibu kwamba Waswahili walikuwa na moyo, ini na mapafu kabla mwalimu wa biolojia hajaingia darasani na chaki yake. Haya basi, tuone.

Ninalotaka kueleza ni hili. Mtu mwenye vali mbovu ya moyo anaweza kulala kitandani hospitalini, akapigwa picha ya moyo, na picha ikasema hali yake si mbaya sana. Mtu yuyo huyo ukimwamuru apande kilima cha Mbooni akiwa na mtungi wa maji mgongoni, hafiki nusu ya njia. Picha haikusema uongo. Ilichofanya ni kuuliza moyo swali ukiwa umepumzika, na moyo ukajibu kama mtu aliyepumzika. Kwa sababu hiyo wataalamu walibuni kipimo cha kuupiga moyo picha ukiwa kazini. Mashine ya kupiga picha hiyo huitwa mashine ya eko, na kipimo chenyewe huitwa eko ya mazoezi.

Tuanze na moyo wenyewe. Una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na una vali nne, yaani vilango vinavyofunguka upande mmoja tu ili damu ikipita isirudi nyuma. Kati ya chumba cha juu cha kushoto na cha chini cha kushoto kuna vali iitwayo mitrali, iliyopewa jina hilo kwa kufanana na kofia ya askofu. Damu iliyotoka mapafuni ikiwa na oksijeni hupita hapo, kisha husukumwa nje kupitia vali ya aota na kusambaa mwilini kote. Vali ya mitrali iliyo nzima hufunguka kiasi cha sentimita mraba 4 hadi 6. Ikiugua, hukakamaa, ikaanza kushikamana kingo, na nafasi ikapungua. Ikifika sentimita mraba 1.5 au chini ya hapo, madaktari huiita nyembamba sana. Kuna na ubaya wa pili, ambapo vali haifungi sawasawa na damu huvuja kurudi ilikotoka. Vali moja inaweza kuwa na ubaya wote wawili kwa pamoja.

Hebu sasa ufikirie mlango wa bwalo letu. Una mabawa mawili. Tuseme bawa moja limeharibika na halifunguki. Saa nne asubuhi, wakati ni mpishi na kiranja wa bwalo tu wanaoingia na kutoka, nani atajua kwamba mlango una kasoro? Hakuna. Lakini kengele ya chakula cha mchana ikilia, na siku yenyewe ni ya githeri yenye viazi, shule nzima inamiminika pale mlangoni. Hapo ndipo kasoro inapoonekana. Msongamano hauko ndani ya bwalo. Uko nje, nyuma ya mlango, hadi kwenye veranda ya maabara. Moyo wenye mitrali nyembamba ni vivyo hivyo. Damu inayosongamana nyuma ya mlango imo mapafuni, na ndiyo maana mgonjwa wa vali hulalamika kwamba hapumui vizuri, hata akadhaniwa ana pumu.

Huko Ulaya na Marekani, wagonjwa wengi wa vali siku hizi ni wazee ambao vali zao zimejaa chokaa kwa sababu ya umri. Kwetu Afrika Mashariki wengi wao ni vijana, na chanzo cha maradhi yao ni koo. Naam, koo! Mtoto hupata mafindofindo yaliyosababishwa na bakteria waitwao streptokoka. Akitibiwa kwa penisilini mapema, mambo huishia hapo. Asipotibiwa, majuma mawili hadi manne baadaye baadhi yao hupata homa ya baridi yabisi: viungo huvimba, leo goti, kesho kiwiko, na homa ikapanda. Kinga ya mwili, katika kupigana na bakteria hao, hukosea adui na kuanza kushambulia viungo na moyo wa mwenyewe. Viungo hupona. Vali hubaki na kovu, na homa ikirudi mara ya pili na ya tatu, kovu huwa juu ya kovu. Walio hatarini zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15, hasa wanaolala wengi katika chumba kimoja. (Mabweni yetu mnayajua wenyewe, sina la kuongeza.) Duniani wenye ugonjwa huu wa vali ni zaidi ya watu milioni 40, na mwezi wa Mei mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziushughulikie.

Sasa, vali imo ndani ya kifua. Daktari anaionaje? Kwa muda mrefu alikuwa na masikio tu. Aliweka stetoskopu kifuani akasikiliza mvumo wa damu ikipenya mahali pembamba, kama upepo unaopita kwenye ufa wa dirisha. Madaktari wazee waliweza kusema mengi kutokana na mvumo huo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 upasuaji wa vali ya mitrali ulikuwa umeanza, na kukatokea haja ya kujua kwa hakika ni nani apasuliwe na nani aachwe. Huko Lund, nchini Sweden, daktari mmoja aitwaye Inge Edler alimwendea mwanafizikia Hellmuth Hertz na swali hilo. Hertz alijua kwamba viwanda vya meli hutumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma: sauti hutumwa, ikigonga ufa hurudi, na muda wa kurudi huonyesha ufa uko wapi. Wakaazima mashine ya aina hiyo kwenye kiwanda cha meli mjini Malmö. Tarehe 29 Oktoba 1953 wakapata kwa mara ya kwanza mchoro wa moyo wa mtu aliye hai ukicheza. Kwa hiyo chombo hiki, ambacho leo hutumika kwa kila namna ya ugonjwa wa moyo, kilianza kwa ajili ya vali hii hii inayowasumbua vijana wa kwetu.

Sauti inayotumika haisikiki. Sikio la mtu huishia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine ya eko hutumia mitetemo milioni 2 hadi 5. Hakuna miale ya eksirei, hakuna kuchomwa, na haiumi hata kidogo.

Kuna jambo la pili ambalo mashine hufanya, na hili nalipenda zaidi kwa sababu linaweza kusikika pale Emali. Simama kando ya barabara kuu ya Mombasa lori likija mbio huku dereva akipiga honi. Likija kwako honi ni nyembamba. Likishakupita, sauti inashuka ghafla na kuwa nzito. Honi ni ile ile. Kinachobadilika ni mwendo wa lori kwako na kutoka kwako. Mwaustria Christian Doppler alieleza jambo hilo mwaka 1842. Mashine ya eko hutuma sauti kwenye chembe za damu, hupima jinsi sauti ilivyobadilika ikirudi, na kutokana na hapo hukokotoa kasi ya damu. Mahali pembamba damu hukimbia, kama maji ya mpira wa kumwagilia unapoufinya mdomo kwa kidole gumba.

Kutokana na kasi hupatikana shinikizo. Hesabu yake ni nyepesi kuliko za mtihani wetu wa muhula: chukua kasi kwa mita katika sekunde, zidisha kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 4. Jibu ni tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za vali, kwa milimita za zebaki. Damu ikipita kwa mita 1, tofauti ni 4. Ikipita kwa mita 2, ni 16. Kwa mita 4, ambacho ni kiwango cha vali ya aota iliyobana vibaya, ni 64. Umeona lililotokea? Kasi imeongezeka mara mbili, shinikizo likaongezeka mara nne. Shika hapo, maana ndipo penye kiini cha habari yote.

Mtu akiwa amelala, moyo wake husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Akifanya kazi ngumu unaweza kusukuma lita 20 au zaidi. Vali nzima hufunguka vizuri na kupitisha damu hiyo bila shida. Vali yenye kovu haina pa kufungukia zaidi. Kazi ikiongeza damu maradufu, tofauti ya shinikizo kwenye vali hupanda mara nne hivi. Na kuna balaa jingine. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, kila pigo huchukua sekunde 0.85 hivi, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kupumzika, ndipo damu hupita kwenye mitrali. Ukipiga mara 140, pigo ni la sekunde 0.43, na muda unaokatwa zaidi ni ule wa kupumzika. Kwa hiyo damu ni nyingi, mlango ni mwembamba, na muda wa kupita ni mfupi. Wenzetu wa kando ya mto Tiva wataelewa haraka: mwezi wa Agosti unavuka kwa viatu na kalvati ndogo inatosha kabisa, mvua ya Novemba ikinyesha huko juu, kalvati ile ile haionekani ilipo.

Mtu angeuliza, si mgonjwa aulizwe tu kama huchoka? Huulizwa, na hapa ndipo nitakapowaeleza habari za dada yangu, binti wa mama mdogo, mwenyeji wa Mbooni, ambaye ameniruhusu kuzisimulia mradi nisimtaje jina. Kwa miaka mitatu alikuwa ametibiwa pumu katika kituo kimoja cha afya, akapewa ile pampu ya kuvuta mdomoni isiyomsaidia kitu. Hatimaye tabibu mmoja akausikia mvumo moyoni, akapigwa picha ya eko, ikaonekana ni vali. Ukubwa wake ulikuwa sentimita mraba 1.6: si nzuri, lakini haijafika kwenye mstari wa 1.5. Akaelekezwa Nairobi kwa daktari wa moyo. Mimi nilikuwa likizoni, nikamsindikiza.

Daktari akamwuliza, "Dada, huwa unachoka ukifanya kazi?"

"Sichoki, daktari. Niko sawa tu."

"Kisimani huenda nani kwenu?"

"Siku hizi huenda punda, na mdogo wangu."

"Siku hizi tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na kanisani unakwenda kwa miguu?"

"Ndiyo, daktari. Lakini mimi huanza mapema, nafuatana na akina susu."

Daktari akatabasamu kidogo, akaandika. Msichana wa miaka 23 anatembea na bibi vizee, na haoni ajabu! Wala hakuwa akidanganya. Mgonjwa wa vali huacha kazi moja moja, polepole sana, kama mtu anayeuza mbuzi mmoja kila mwezi bila kuhesabu zizi. Leo anaacha mtungi wa lita 20, anachukua wa 10. Kesho anamwachia mwingine. Anapitia njia ya mzunguko isiyo na mlima. Mwishowe kweli hachoki, kwa sababu hana kazi inayomchosha. Ukimwuliza, atakujibu "niko sawa" kwa moyo mweupe kabisa. Nadhani hili ndilo jambo gumu zaidi katika ugonjwa wenyewe, gumu kuliko hesabu zote za shinikizo.

Kwa hiyo akaandikiwa eko ya mazoezi. Asubuhi hiyo hakula kitu. Alipewa maelezo kuhusu dawa zake, ipi ameze na ipi angoje, kwa sababu dawa zinazopunguza mapigo ya moyo zinaweza kubadilisha majibu. Chumbani mlikuwa na kitanda kilichofungwa pedali za baiskeli upande wa miguuni. Mgonjwa hulala chali kidogo, kisha kitanda huinamishwa upande wa kushoto ili moyo usogee karibu na mbavu na picha ionekane vizuri. Wakambandika nyaya kifuani za kufuatilia umeme wa moyo, wakamfunga kitambaa cha kupima shinikizo la damu mkononi. Mtaalamu wa eko akapaka jeli baridi na kuweka kifaa chake kifuani. Kwanza wakapiga picha akiwa ametulia, na wakaandika vipimo vyote. Kisha, "Haya dada, anza kuendesha, polepole."

Baiskeli hiyo haiendi popote, lakini ina breki inayoongezwa ugumu. Kila baada ya dakika chache huongezwa wati 25, na mtaalamu anapiga picha mgonjwa akiwa bado anakanyaga. Kazi hiyo si mchezo: kifua kinapanda na kushuka, moyo unaruka, na yeye hana budi kuikamata vali ile ile kwenye skrini. Daktari alisimama pembeni muda wote. Kuna mambo yakitokea kipimo husimamishwa papo hapo: maumivu ya kifua, kizunguzungu, mapigo yasiyo na mpango, au shinikizo la damu kushuka mahali pa kupanda.

Dada yangu alifika hatua ya tatu. Hakulalamika. Alinyamaza tu, midomo ikakauka, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba amechoka. Nilikuwa nikiitazama saa ya ukutani: hata dakika kumi hazikutimia. Tofauti ya shinikizo kwenye vali, iliyokuwa 6 akiwa amelala, ilikuwa imefika 19. Shinikizo la damu katika mshipa wa mapafu lilikuwa limevuka 60. Kwa kawaida, madaktari huanza kushtuka tofauti ya wastani kwenye mitrali ikizidi 15 mtu akifanya mazoezi, au shinikizo la mapafu likizidi 60. Vali iliyoonekana ya wastani kitandani ilikuwa mbaya kazini.

Mtasema, na tofauti ni nini, si ugonjwa ni ule ule? Tofauti ni kubwa kwa sababu matibabu ya vali yana wakati wake, wala hayapaswi kufanywa mapema ovyo au kuchelewa. Mitrali nyembamba ambayo haijakakamaa sana inaweza kupanuliwa kwa puto. Mjapani Kanji Inoue alianza njia hiyo mwaka 1982: mpira mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, puto hujazwa katikati ya vali, na kingo zilizoshikamana huachana. Kifua hakipasuliwi. Lakini si kila vali inafaa. Iliyojaa chokaa au inayovuja sana haiwezi kupanuliwa hivyo. Hiyo hutengenezwa au hubadilishwa kwa upasuaji. Ukiwekewa vali ya chuma utameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yako yote, na damu yako itapimwa mara kwa mara isiwe nyepesi mno wala nzito mno. Fikiria mtu wa Mutomo au Mutitu akisafiri kila mara kwa kipimo hicho. Ukiwekewa vali iliyotengenezwa kwa nyama ya mnyama huhitaji wafarini ya maisha, ila vali hiyo huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi zaidi. Ukiielewa hesabu hii utajua kwa nini daktari hataki kubadilisha vali ambayo bado ingeweza kuvumilia, na kwa nini hataki pia kukosa wakati wa puto.

Na kwa dada yangu kulikuwa na jambo jingine: alikuwa ameposwa. Mwanamke akiwa mjamzito, damu mwilini huongezeka kwa takriban nusu ya ile ya awali, na moyo hupiga haraka zaidi. Ujauzito wenyewe basi ni kipimo cha mazoezi, tena cha miezi tisa, usiku na mchana, bila daktari wa kusema simama. Wanawake wengi wenye mitrali nyembamba hujua kwamba wanaugua wakati huo tu, mapafu yanapojaa maji. Heri baiskeli ya dakika kumi. Akapangiwa puto kabla ya harusi, akafanyiwa, na akalala hospitali usiku mmoja.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba kila mgonjwa wa vali hupandishwa baiskeli. Mzee mwenye vali ya aota iliyobana vibaya, ambaye tayari anazirai au anaumwa kifua akitembea, hapewi kipimo hiki. Ni hatari, na halafu kinatafuta nini? Kuzirai kwake ndiko jibu. Kuna wengine ambao moyo umechoka, hausukumi kwa nguvu, kwa hiyo damu hupita polepole kwenye vali ya aota na shinikizo linaonekana dogo. Je, vali ni mbovu kweli, au ni moyo tu usioweza kuifungua? Kwa hao hakuna baiskeli. Hutiwa dawa iitwayo dobutamini kwa mshipa, kidogo kidogo, nayo huuhimiza moyo ufanye kazi mtu akiwa amelala. Moyo ukipata nguvu na vali ikafunguka zaidi, basi vali haikuwa na kosa kubwa. Nguvu zikija na vali ikakaa pale pale huku shinikizo likipanda, mshtakiwa amepatikana.

Kwetu Kitui na Makueni njia ya kufika kwenye baiskeli hiyo ni ndefu. Kutoka mji wa Kitui hadi Nairobi ni kilomita 170 na zaidi, na anayetoka Ikutha au Kyuso ana safari nyingine kabla ya hiyo. Nauli, malazi ya anayemsindikiza, siku za kazi zilizopotea: hayo hayaandikwi kwenye stakabadhi ya hospitali lakini hulipwa. Ndiyo maana nayathamini maswali ya yule daktari kuliko mashine yake. Maswali hayahitaji umeme. Tabibu wa zahanati anaweza kuuliza nani huteka maji, nani hupeleka maembe sokoni, unalalia mito mingapi, unafuatana na nani njiani, na mwaka juzi ulifuatana na nani. Anaweza pia kutembea na mgonjwa ukumbini au kupanda naye ngazi na kumtazama. Hapati nambari za shinikizo, lakini anapata sababu ya kumwandikia barua ya kwenda mbele.

Nalo koo tusilisahau, kwani ndiko maradhi yanakoanzia. Kaskazini mwa Uganda watafiti walitumia eko kuwapima watoto wa shule ambao hawakujua kwamba wanaugua. Watoto na vijana 818 waliokutwa na dalili za awali kwenye vali wakagawanywa makundi mawili: kundi moja likachomwa sindano ya penisilini kila mwezi, jingine halikuchomwa, na wote wakapimwa tena baada ya miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya wasiochomwa, asilimia 8.2 vali zao zilikuwa zimezidi kuharibika. Kati ya waliochomwa, asilimia 0.8. Ndugu msomaji, linganisha gharama ya sindano hiyo na gharama ya puto, achilia mbali upasuaji.

Sindano yenyewe inauma, nani atakataa, na anayeitumia huchechemea kidogo siku hiyo. Kwa mtu aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, ili bakteria wasipate nafasi ya pili. Puto halikumwondolea dada yangu sindano hizo. Bado huenda zahanati kila mwezi, na mara moja kwa mwaka hupigwa eko akiwa ametulia. Ile ya baiskeli, daktari alimweleza, itarudiwa pale tu maneno yake na picha yake yatakapoanza kupingana.